Mbwa au Paka Kaanguka Ghafla na Mfukoni Hamna Kitu: Mwongozo Kamili kwa Tulioko Tabora

Mtu anaingia dukani mbio, jasho linamtoka, anaomba "dawa ya mbwa anayetoa povu". Namuuliza ameanza lini. "Jana jioni." Mmempa nini? "Maziwa nusu lita, mafuta ya kula na yai bichi." Nikisikia hivyo moyo unanishuka, kwa sababu mbwa wangu wa kwanza alikufa hivyohivyo. Sumu yenyewe huenda angeimudu. Kilichommaliza ni maziwa tuliyomnywesha kwa nguvu yakaingia mapafuni.

Mimi si daktari. Nauza dawa za mifugo hapa Tabora mjini, na nikiwa nyuma ya kaunta naona kosa lilelile likirudi kila msimu. Saa ya kwanza inaliwa na dawa za majirani. Vijisenti vilivyopo vinaishia kwenye vitu visivyohitajika. Daktari anakuja kuitwa mgonjwa akiwa hajiwezi hata kuinua kichwa.

Kwa hiyo humu nimeandika mambo mawili tu: namna ya kumfikisha mnyama kwa daktari akiwa hai, na namna ya kulipa bila kuuza godoro.

## Vitu vya kuandaa leo, mnyama akiwa mzima

Weka vyote kwenye ndoo moja yenye mfuniko, mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anapajua.

- Namba tatu za simu, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: daktari wa mifugo anayetibu mbwa na paka, afisa mifugo wa kata yako, na dereva wa bajaji au kirikuu ambaye mmeshakubaliana kwamba anabeba mbwa.
- Kipande cha kanga au kitenge, upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja na nusu, cha kufunga mdomo.
- Taulo nene kwa ajili ya paka, na gunia safi au turubai la kumbebea mbwa.
- Glovu jozi mbili, gozi, bandeji, sabuni ya kipande na dumu la maji la lita tano.
- Kipima joto cha kawaida cha duka la dawa, na mafuta ya mgando ya kukilainisha.
- Tochi yenye betri nzima. Ya simu itakuangusha, kwa sababu simu hiyohiyo utakuwa unaongelea.
- Kadi ya chanjo, na karatasi yenye uzito wa mnyama.

Huo uzito watu wanaudharau, lakini dawa karibu zote hupimwa kwa kilo. Mbwa mdogo au paka mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Mbwa mkubwa mpeleke kwa muuza nafaka mwenye mizani ya kuning'iniza, mwingize kwenye gunia kichwa kikiwa nje. Watu watacheka. Waache wacheke. Usiku wa tatizo utaokoa dakika kumi za kubahatisha.

Kuhusu daktari: muulize mapema kama amesajiliwa. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Baraza la Veterinari Tanzania ndilo linalowasajili madaktari wa mifugo na kuwaorodhesha wataalamu wasaidizi. Mwenye usajili haoni aibu kuulizwa. Vishoka wapo, na wengi wana begi zuri kuliko la daktari mwenyewe.

Maziwa sikuyaweka kwenye orodha, na sikuyasahau.

## Hatua ya 1: Jilinde wewe kwanza

Mnyama mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. Chukua kile kitambaa, tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza chini ya kidevu, zungusha ncha nyuma ya masikio na ufunge fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Paka mviringishe ndani ya taulo, kichwa kibaki nje.

Onyo: usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, aliyepigwa na joto au aliyepoteza fahamu. Matapishi yatamziba. Tena mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo ukiufunga mdomo umemfungia na joto lake ndani.

Kuna jambo moja hapa nitalirudia hadi nichoke. Mbwa ambaye taya limelegea, mate yanaburuzika, hamezi, na sauti imebadilika, majirani watakuambia "kakwamwa na mfupa". Watakuhimiza uingize mkono uutoe. Usiingize mkono. Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoonekana mara nyingi: mbwa mpole, mnyonge, asiye na ukali wowote. Mfungie bandani bila kumgusa na umpigie afisa mifugo.

Ikiwa kuna mtu ameng'atwa, au mate yameingia kwenye jeraha, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.

## Hatua ya 2: Usome mwili wake kwa dakika mbili

Usikimbie kabla ya kuangalia. Dakika mbili hizi ndizo zitakazokuambia kama ni suala la sasa hivi au la kesho asubuhi, na kesho asubuhi mara nyingi ni nafuu.

Fizi. Inua mdomo wa juu, mulika. Waridi ni nzuri. Nyeupe kama karatasi maana yake damu inapotea, imepungua, au mzunguko wake umeshuka. Bluu ni ukosefu wa hewa. Njano ni ini, au damu inaharibiwa, mara nyingi na homa ya kupe. Nyekundu ya tofali huonekana kwa aliyepigwa na joto. Kisha bonyeza fizi kwa kidole, achia, hesabu: rangi irudi kabla hujamaliza sekunde mbili. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, funua kope la chini la jicho.

Pumzi. Hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa aliyetulia anapumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 40 huku amelala kivulini, kuna shida. Paka anayehema mdomo wazi hana mjadala, ni dharura.

Joto. Kipake kipima joto mafuta ya mgando, kiingize kidogo kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2.

Andika namba hizo kwenye karatasi pamoja na saa.

Kinachoweza kusubiri kukuche: katapika mara moja na bado anakuja ukimwita, anachechemea lakini anakanyaga, kidonda kidogo kilichoacha kutoa damu.

Kisichosubiri: fizi nyeupe au bluu, degedege, damu isiyokata, kuumwa na nyoka, sumu, kugongwa na gari hata kama amesimama, mbwa jike anayesukuma zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, na paka dume anayekwenda kukojoa kila mara bila mkojo kutoka. Huyu wa mwisho watu hudhani kafunga choo, kumbe kibofu kimeziba na ndani ya siku moja au mbili anakufa. Mwongeze pia mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anayejitahidi kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likijaa kama ngoma.

## Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kutoka

Wengi hufunga safari kwanza, wakafika, wakakuta mlango umefungwa. Kutoka Urambo au Sikonge hadi mjini, kosa hilo linaweza kumaliza mchezo.

Soma kutoka kwenye karatasi yako, usisimulie. Mfano:

"Dokta, habari za usiku, samahani kwa usumbufu. Ni mbwa dume, miaka mitatu, kilo 22. Saa moja jioni alikula nyama nje ya uzio. Saa mbili akaanza kutokwa mate na kutetemeka. Fizi zimepauka, anapumua mara 52, joto 39.8. Tuko Ipuli, tuna usafiri. Upo kazini? Atropini unayo?"

Swali la mwisho, la sindano ya kupambana na sumu ya viuatilifu, ndilo la maana zaidi. Kama dawa haipo, utaambiwa pa kuipitia njiani, badala ya kufika na kurudi. Ukimaliza simu unapaswa kuwa na mambo matatu: unakwenda wapi, ufanye nini njiani, na uje na kiasi gani cha kuanzia.

## Hatua ya 4: Shughulikia kilicho mbele yako, usivuke mpaka

### Sumu

Huku kwetu sumu zinakuja kwa njia tatu: chambo cha makusudi, sumu ya panya, na viuatilifu vya tumbaku au mahindi ambavyo chupa yake ilitupwa shambani.

Mtoe kwenye chanzo. Kama dawa imemwagikia mwilini, vaa glovu na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu viuatilifu vingi hupenya kwenye ngozi. Chukua chupa, pakiti, au hata picha ya lebo. Kama katapika, beba kidogo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.

Usimpe maziwa, mafuta, yai wala maji ya chumvi. Maziwa hayaui sumu. Mnyama anayetetemeka hamezi sawasawa, kwa hiyo unachomnywesha kinaingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kuvuruga ubongo. Mkaa wa jikoni uliotwangwa nao si ule mkaa wa hospitali, ni uchafu mweusi tu.

Tena kuna sumu ya panya yenye zinki fosfaidi: ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi ya fosfini, na chakula huongeza tindikali hiyo. Ukimlisha "ili apate nguvu" unaongeza gesi. Na akitapika, fungua madirisha, gesi hiyo inakudhuru hata wewe.

Mate, machozi, mkojo na kuharisha kwa pamoja, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, misuli ikicheza: hiyo ni picha ya viuatilifu, na daktari atachoma atropini. Sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda ni mjanja zaidi. Mbwa anakula leo, anacheza kesho, siku ya tatu hadi ya tano anatoka damu puani au anapumua kwa shida. Ukimwona ameila, usisubiri dalili. Tiba yake ni vitamini K1, inatumika kwa wiki kadhaa, na akianza mapema gharama haifanani kabisa na ile ya mbwa aliyekwisha kujaa damu kifuani.

### Nyuki

Tabora bila nyuki si Tabora, na mbwa wanaofuatana na warina asali wanajua. Mwingize kwenye chumba chenye giza, funga mlango. Usiwapige nyuki walio juu yake, harufu ya aliyepondwa huwaita wengine. Kwangua miiba haraka kwa kucha au kadi ngumu. Usipoteze muda kutafuta njia bora, kwa sababu mwiba unaendelea kusukuma sumu kila sekunde. Kisha maji ya baridi.

Miiba michache midomoni, uvimbe hushuka wenyewe. Miiba mingi, au anatapika, analegea, fizi zinapauka: mpeleke. Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya chai kesho yake, mrudishe hata kama anakula.

### Nyoka

Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Vua mkanda wa shingo kabla uso haujavimba. Mbebe, asitembee, maana misuli inayotembea husambaza sumu. Akitemewa sumu machoni na fira, suuza kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20, taratibu, kutoka pembe ya ndani ya jicho kwenda nje. Seramu ya nyoka ni ghali na adimu hata kwa binadamu, kwa hiyo usikate tamaa daktari akisema hana. Wapo walioumwa na kifutu wakapona kwa dripu na dawa ya maumivu. Usimfuate nyoka ili umpige picha.

### Damu, joto, na kuharisha damu

Damu: gozi juu ya jeraha, bonyeza kwa kiganja dakika kumi bila kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu, usiondoe ya kwanza.

Joto la Septemba na Oktoba: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na nyayoni, mpepee. Barafu hapana. Acha kummwagia maji joto likishuka hadi 39.5, kisha mpeleke hata kama amesimama, kwa sababu figo na damu huharibika baadaye.

Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, chukulia ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Mtenge na wenzake. Kinachomuua haraka ni kukaukiwa maji, na dripu ndiyo kazi. Vidonge vya kuharisha vya watoto wetu havimsaidii.

### Dawa za nyumbani zinazoua

Panadol humuua paka, hata kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikipakwa paka, hasa zile zenye cypermethrin, inamletea degedege. Na sindano ya ndorobo (nagana) inayopimwa kwa macho, "kama ya ndama", inaweza kumharibu mbwa ubongo. Ndorobo ya mbwa ipo kweli kwenye mapori yetu yenye mbung'o. Ukiona jicho limekuwa na ukungu wa bluu, homa, na anakonda, aanze kwa kupimwa damu. Nimekataa kuwauzia watu dawa hizi bila maelekezo, wakanuna, wakaenda duka la jirani.

## Hatua ya 5: Msafirishe

Mbwa aliyegongwa usimwinue kwa kwapa. Mtelezeshe juu ya ubao au turubai, watu wawili, mgongo ukiwa umenyooka. Anayetapika alazwe ubavu, kichwa chini kidogo.

Bodaboda na bajaji wengi watakataa mbwa, na si kwa roho mbaya. Mtu ana udhu wake, au ana abiria wa asubuhi. Ndiyo maana nikasema mkubaliane mapema: tandika turubai lako siti nzima, mfunike mbwa, na umlipe na ya kuoshea chombo. Mimi dereva wangu ni mzee wa Isevya asiyependa mbwa hata kidogo. Amembeba wangu mara mbili.

Umefanikiwa kama umefika, bado anapumua, na una karatasi mkononi yenye saa, namba na jina la sumu.

## Hatua ya 6: Zungumza bei kabla ya kuchomwa sindano ya pili

Sindano ya kwanza ya kuokoa roho iachie ichomwe. Baada ya hapo, simama uulize. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa aibu. Wanaitikia kila kitu, "sawa dokta, sawa dokta", na asubuhi wanakimbia bili.

Mbwa wangu wa pili, jina lake Watasema, alipokula chambo nilikuwa na shilingi 60,000. Nilimwambia daktari kiasi hicho kabla hajafungua begi. Akachukua boksi la dawa, akaligeuza, akachora mistari miwili kwa kalamu. Juu akaandika "usiku huu": atropini, dripu, kuangaliwa hadi alfajiri. Katikati "kesho akiwa hai": kipimo cha damu. Chini "tukiwa na uwezo": vingine vyote. Akapiga mstari wa tatu chini ya neno kesho, akaniambia, "Tusivuke hapa bila kuongea." Boksi lile bado ninalo.

Mwombe wa kwako akufanyie hivyohivyo. Maswali ni manne:

1. Unadhani ana nini, na ana nafasi gani ya kupona?
2. Kitakachomuua kwanza ni kipi, na kukizuia ni shilingi ngapi?
3. Akilazwa, kila siku ni kiasi gani, na baada ya siku ngapi tutajua kama anapona?
4. Kuna njia ya bei nafuu? Nikiichukua, napoteza nini?

Taja pesa uliyonayo, usiifiche. Daktari asiyejua mfuko wako atakupangia tiba bora kabisa, ambayo utaiacha katikati, na tiba iliyoachwa katikati ndiyo ghali kuliko zote. Daktari anayekasirika ukiuliza bei, hilo nalo ni jibu.

Mwombe aandike jina halisi la dawa, si la kampuni. Baadhi ya vitu, kama maji ya dripu, ni vilevile vinavyouzwa duka la dawa la binadamu, na bei hutofautiana duka hadi duka. Nunua alichoandika tu. Mimi ninayeuza ndiye ninayekuambia: usikubali muuza duka akuongezee chupa ya vitamini.

Vipimo navyo viulizie kwa akili. Tabora tuna bahati, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo hapahapa. Damu kutazamwa kwenye hadubini kutafuta ndorobo au vimelea vya kupe ni rahisi kuliko kuchoma dawa tatu za kubahatisha. Huduma ya serikali unalipia kwa kontroo namba na kupata risiti. Anayetaka uweke pesa ya serikali kwenye simu yake binafsi, mwambie akupe kontroo namba.

## Hatua ya 7: Weka kikomo, kisha tafuta pesa

Kabla ya kupiga simu ya kuomba, kaa na mwenzako nyumbani mseme namba moja: hatuvuki hapa. Ukiiweka saa nane usiku mnyama akilia mbele yako, utaweka namba ya uongo.

Pesa yenyewe, kwa mpangilio huu:

Kibubu. Shilingi 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Haiwi pesa ya upasuaji mkubwa, lakini ni usiku wa kwanza uliolipwa.

Mfuko wa jamii wa kikoba. Vikundi vingi vina mfuko wa dharura. Usiombe "msaada wa mbwa", watacheka. Omba mkopo wa dharura ya nyumbani, taja kiasi na tarehe ya kurudisha.

Kulipa kidogokidogo. Daktari mwingi hukubali kama umetanguliza kitu na mmeandikiana. Lakini mkulima wa tumbaku, usiseme "soko likifunguka". Sote tunajua malipo ya tumbaku yanavyochelewa. Taja tarehe ambayo hata bila tumbaku utakuwa nacho.

Ndugu. Tuma picha ya lile boksi au karatasi ya makadirio. Watu huchangia kitu chenye jumla, hawachangii kilio. Mmoja atasema si ununue mwingine. Mwache, msije mkagombana kwenye grupu la familia usiku wa manane.

Onyo: mikopo ya kausha damu usiiguse. Mbwa anapona kwa wiki mbili, marejesho yanakufuata mwaka mzima.

Na ikiwa jibu la swali la kwanza ni kwamba hana nafasi, au kikomo kimefika na hali inaporomoka, muulize daktari kuhusu kumpumzisha kwa sindano. Ni dakika chache, hasikii maumivu. Kumpeleka porini na kumwacha ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

## Hatua ya 8: Siku tatu za kwanza nyumbani

Bandika ratiba ya dawa ukutani na uweke alama kila dozi. Dozi iishe, hata kama ameanza kubweka. Maji kidogokidogo kwa saa za mwanzo. Chakula alichoruhusiwa tu, mara nyingi ni wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa wala chumvi. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na mabaki ya ugali yasubiri.

Asubuhi na jioni rudia yale ya hatua ya 2: fizi, pumzi, joto, andika. Zikielekea kwenye kawaida siku mbili mfululizo, unakwenda vizuri. Zikigeuka, piga simu usiku huohuo.

Akifa na kuna wanyama wengine uani, usimzike mara moja. Uliza TVLA au afisa mifugo kuhusu uchunguzi wa mzoga, na umweke mahali pa baridi. Ukijua ni sumu au ugonjwa, unawaokoa waliobaki. Kama ulishuku kichaa, usimpasue wala kumkata kichwa, hiyo ni kazi ya wataalamu. Mzoga wenye sumu uzikwe kina cha mita moja na nusu, mbali na kisima, ili mbwa wa jirani na tai wasiufukue. Choma turubai lililolowa, osha ndoo kwa sabuni, na uirudishe pale pake ikiwa na glovu mpya.